Siwema na Simba wa Wizara

Siku Siwema alipofariki, katika nchi ambayo msimulizi amelisahau jina lake, na akilikumbuka kwa bahati mbaya atalisahau tena kwa hiari, redio ya taifa ilikuwa ikitangaza kwamba Mheshimiwa Rais ameamka salama. Ilikuwa habari ya kila asubuhi, na kila asubuhi ilifuatiwa na wimbo. Siwema alikuwa barazani akichambua maharagwe kwenye ungo, huku akimgombeza mdogo wake, Sikudhani, aliyekuwa ndani akifagia.

"Sikudhani! Miwani yangu umeitupa wapi?"

"Iko kichwani kwako, dada."

"Na nani kaipandisha huku?"

Sikudhani akangoja sehemu ya pili ya ugomvi, maana ugomvi wa Siwema siku zote ulikuwa na sehemu ya pili. Wimbo wa Rais ukaisha. Sehemu ya pili haikuja. Alipotoka nje aliukuta ungo umelala ubavu, maharagwe yametapakaa sakafuni, na dada yake ameegemea nguzo kama mtu anayesikiliza jambo la mbali.

Walimzika jioni ile ile, kwenye makaburi ya mtaa, karibu na mama yao. Kisha Sikudhani akarudi, akatandikiwa mkeka uani, akakaa tanga kuwangoja watani.

Hapa mgeni aelezwe. Watu wa bondeni hawafungi msiba kwa kilio. Kilio wanacho, tena kikubwa, kinasikika hadi kijiji cha tatu. Lakini msiba wao hufungwa na watani wao, watu wa mlimani, ambao babu zao walipigana na babu wa bondeni kwa ajili ya chumvi, wakachoka, wakaoana. Siku ya tatu watani huja wakicheka. Mmoja wao huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, hukohoa kama marehemu, hugombana na wale wale aliogombana nao marehemu, mpaka mfiwa mkuu acheke. Akicheka, tanga limeanuliwa: mikeka inakunjwa, mfiwa anaoga na kurudi kazini kwake. Asipocheka, haondoki mkekani, kwani watu wa bondeni husema kwamba mtu asiyeweza kumcheka marehemu wake amezika mgeni.

Na mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani msibani hutoa mbuzi. Mbuzi si kitu. Aibu ndiyo nzito, kwa sababu aliyekasirika amekiri mbele ya watu kwamba anayeigizwa ni yeye.

Mtani wa Siwema tangu usichana alikuwa Bi Mashavu wa mlimani, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji, ambaye alijua kutembea kama Siwema kuliko Siwema mwenyewe. Sikudhani akamtumia habari. Akakaa kumngoja.

Kabla watani hawajafika, ikafika Serikali.

*

Ni lazima isemwe, bila lawama kwa mtu yeyote, kwamba nchi ile ilikuwa na Wizara ya Fahari, Historia na Maji Taka. Zamani zilikuwa wizara tatu. Ziliunganishwa ili kubana matumizi, na wafanyakazi wake hawakuona mabadiliko makubwa. Wizara hiyo ilikuwa imejenga Ukumbi wa Wanawake wa Ajabu, ili wananchi waone kwamba Serikali inawapenda sana wanawake, hasa wakiwa wamesimama kimya.

Ndani ya Ukumbi mlikuwa na sanamu sita. Palikuwa na malkia aliyetawala bahari, ingawa nchi ile haina bahari. Palikuwa na binti aliyegeuka mwamba kwa sababu ya uaminifu. Sanamu yake ndiyo iliyowapa mafundi kazi ndogo kuliko zote. Palikuwa na mama aliyezaa taifa, na watoto wa shule walikatazwa kuuliza kama walikuwa mapacha. Palikuwa na mjane aliyelia mpaka ukatokea mto, mto ambao Wizara ilikuwa ikiutumia kwa jukumu lake la tatu. Palikuwa na malkia mwingine, huyu wa kuruka. Na wa sita alitoka katika riwaya iliyosifiwa na Baraza zima la Mawaziri, ambayo hakuna waziri hata mmoja aliyeimaliza.

Siku ya ufunguzi alialikwa mke wa balozi wa nchi ya mbali, mama mmoja mwenye adabu zake. Alizunguka, akainamisha kichwa kwa heshima mbele ya kila sanamu, kisha akauliza, "Wanapendeza sana. Ni yupi kati yao aliyewahi kuishi?"

Mkurugenzi akasema wote wanaishi katika mioyo ya wananchi.

"Naelewa," akasema yule mama. "Lakini kabla ya hapo, kuna aliyeishi kwenye nyumba?"

Kamati ikakutana alasiri ile ile. Iliamuliwa apatikane mwanamke wa saba, aliyewahi kuishi kwelikweli. Sharti la kwanza, awe ameishi. Sharti la pili, asiwe anaishi, kwa sababu walio hai, Kamati ilieleza, wana tabia ya kuongea. Atoke mahali maskini, ili kila mkoa uone umekumbukwa.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Makofi, alifumba macho akafikiri. "Kuna mmoja kule bondeni," akasema. "Siwema. Nilikuwa Bwana Wilaya huko ujanani. Alifanya nini, sikumbuki. Ila nakumbuka alinikosesha usingizi. Nasema na sirudii: mwanamke anayemkosesha usingizi kiongozi ni shujaa. Nasema na sirudii."

Mjumbe mmoja akaeleza kwamba, kwa bahati njema, Siwema huyo amefariki jana. Kamati ikapiga makofi ya huzuni.

*

Aliyetumwa bondeni aliitwa Bwana Kachenje, Afisa Utukufu wa Wilaya, kijana wa mji mkuu aliyevaa suti kwenye jua. Alikuja na askari, na turubai, na picha ya Rais ya kutundika juu ya mkeka wa mfiwa. Aliukanyaga mkeka kwa viatu.

"Hongera, mama," akamwambia Sikudhani.

"Hongera ya nini, mwanangu? Mimi nimefiwa."

"Ndiyo hiyo hiyo. Marehemu amepandishwa cheo. Kuanzia saa hii, huu ni Msiba wa Taifa."

"Na mimi?"

"Wewe ni Mfiwa wa Taifa. Usiondoke hapo mkekani mpaka Waziri azindue sanamu."

"Lini?"

"Saruji ikikauka."

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi uani wakatazamana. Kachenje akavuta kigoda, akakaa, akaanza mahojiano.

"Sasa, mama. Marehemu alimuua simba?"

"Dada? Hata kuku alikuwa akimwomba jirani amchinjie. Alikuwa anaogopa damu."

"Alipigana na wakoloni?"

"Walipoondoka alikuwa hajaota meno."

"Aliruka?"

"Alikuwa mnene, mwanangu."

Kachenje akapangusa jasho. "Basi alifanya nini? Lazima alifanya kitu. Mheshimiwa anamkumbuka."

Sikudhani hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Maneno yalikuwa kazi ya Siwema, naye alikuwa akiyasikiliza. Lakini jambo hili lilihitaji kusemwa vizuri, kwa hiyo akalisema polepole.

Akasema kwamba zamani zile alikuja Bwana Wilaya mpya, akataka barabara inyooke, ili gari la mkubwa mmoja aliyekuwa anapita lisipinde. Barabara ikinyooka, inapita juu ya kisima cha bondeni. Wanaume wakaandika barua, wakaenda nazo mjini. Katapila likaja. Siwema akatoka na mafiga matatu na chungu, akayapanga mbele ya katapila, akawasha moto, akateleka maharagwe. Na kwetu, alisema Sikudhani, mtu hakivuki chakula ambacho hakijaiva. Dereva alikuwa na mama yake kama watu wote. Akazima mashine.

"Kwa nini maharagwe?" akauliza Kachenje, bila kutaka.

"Kwa sababu hayaivi upesi. Na yakikaribia kuiva, dada alikuwa anaongeza maji. Wanawake wengine nao wakaleta mafiga yao. Tulipika pale mpaka yule mkubwa akapita njia nyingine. Barabara inapinda mpaka leo. Wewe mwenyewe umepinda ukija hapa."

"Na huyo Bwana Wilaya?"

"Alikuja kugomba. Wakagombana mpaka chungu kikaungua. Njaa ikamshika, akala. Halafu akamweka dada ndani kwa kosa la kumlisha kiongozi chakula kilichoungua."

Kachenje alikuwa anatabasamu. Ghafla akaacha. "Jina lake nani, huyo Bwana Wilaya?"

"Makofi."

Kachenje alikohoa kwa muda mrefu. Kuku wakasogea mbali. Alipomaliza kukohoa akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema kwa sauti ya kazini:

"Simba, mama. Alimuua simba. Pale pale barabara inapopinda, ndipo simba alipolala."

*

Siku ya tatu watani waliteremka kutoka mlimani, Bi Mashavu mbele, wakicheka kama mila inavyotaka. Askari wa kizuizi cha barabarani wakawakamata. Koplo hakuamini macho yake: Msiba wa Taifa, bendera nusu mlingoti, na watu hawa wanakuja wakishika mbavu!

"Mnacheka nini?" akafoka.

"Tunaanza na wewe," Bi Mashavu akamjibu. "Hiyo kofia uliazimwa au ulizaliwa nayo?"

Wakalazwa kituoni usiku mmoja kwa kucheka bila kibali, asubuhi wakarudishwa kwao. Kachenje hakuambiwa walikuwa nani. Taarifa ilisema tu kwamba wahuni fulani wamezuiwa.

Sikudhani akabaki mkekani. Siku ya tatu ikapita, ya nne ikapita, saruji ikawa haikauki. Wizara ilikuwa imechanganya mchanga mwingi, ikabomoa, ikaanza upya. Majirani walikuja, wakalia, wakachoka kulia, wakarudi kuvuna mpunga wao. Mfiwa havuki kizingiti cha ua, kwa hiyo Sikudhani aliuzunguka ua. Alikaa, akasimama. Akasogeza mkeka kivulini, kivuli kikahama, akausogeza tena. Miguu ilimwasha. Mikono ilitafuta kitu cha kushika, ikapata fagio, akafagia mahali palipokwisha fagiwa mpaka udongo mwekundu ukaanza kutoka. Alipolala alishtuka, akidhani ameitwa. Alipoamka alisikiliza.

Hicho ndicho kilichokuwa kinamla. Alikuwa anasikiliza sauti ya dada yake, na kila siku ilikuwa inasogea mbali kidogo.

Kwa maana redio ilikuwa imeanza mchezo. Baada ya habari kwamba Rais ameamka, na wimbo, alikuja Siwema. Sauti yake ilisemwa na binti mmoja wa mji mkuu, laini kama maji ya mtungini. "Ewe simba!" alisema Siwema wa redio. "Umewakosea wanawake wa nchi hii, na sasa utaijua nguvu ya uzalendo!" Simba alinguruma kwa kukwaruza bati. Mtaa mzima ulisikiliza, kwa sababu mchezo ulikuwa mzuri. Hata Sikudhani alijikuta siku moja amelaza ungo ili asikie simba amefanyaje.

Siwema wa kweli alikuwa na sauti ya sufuria inayoburutwa. Sikudhani alijua hivyo. Alijua kwa akili. Lakini alipoutega moyo aisikie, ilikuja ile laini.

Alasiri moja watoto wa jirani walisimama kwenye ua, mmoja akachungulia kupitia makuti. "Bibi Sikudhani, yule simba alikuwa mkubwa?"

"Mkubwa," akajibu Sikudhani, huku anachagua mchele. "Na mkia mrefu."

Watoto wakakimbia kwa furaha. Sikudhani akabaki na mkono ndani ya mchele. Alikuwa amemwona. Kwa kufumba na kufumbua alikuwa amemwona simba amelala pale kwenye kona, na mkia wake, na dada yake, mrefu, mwembamba, amemsimamia kwa mkuki. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Watu hawa, alifikiri, walimchukua hai wakamfunga, akarudi. Sasa wanamchukua tena, na safari hii mimi ndiye ninayewafungulia mlango.

*

Mwishowe saruji ikakauka. Kachenje alikuja na mafundi kumwonyesha Mfiwa wa Taifa sanamu, kwa heshima, kabla haijafunikwa. Ilisimama pale barabara inapopinda, karibu na ua, naye akaitazama akiwa kizingitini. Ilipakwa rangi ya shaba. Kiuno chake kilikuwa kama cha nyigu, mkuki mkononi, mguu mmoja juu ya simba ambaye, kwa sababu fundi hakuwahi kumwona simba, alifanana sana na mbuzi wa fundi mwenyewe.

"Dada alikuwa mfupi," akasema Sikudhani. "Tumbo mbele."

"Ufupi hauonekani ukiwa kwenye gari, mama."

Kachenje alikuwa na shida nyingine. Kwa mujibu wa kanuni za Wizara, kila uzinduzi lazima uwe na mila moja, na mila zote ni ngoma, na kila ngoma ni dakika saba, baada ya hotuba ya Waziri na kabla ya soda. Kikundi cha taifa kilichozoea kucheza mila zote za nchi kilikuwa nje, kikicheza mila hizo kwa wageni.

"Huku kwenu msibani hamna kitu cha asili, mama? Kitu cha kuchangamka, lakini chenye heshima?"

Sikudhani akauangalia mguu wa saruji juu ya mbuzi.

"Wapo watu wa mlimani," akasema. "Huwa wanakuja kumaliza msiba."

"Kumaliza! Safi kabisa. Wana vazi?"

"Watavaa."

"Kuna ujumbe?"

"Upo."

"Unamhusu marehemu?"

"Unamhusu yeye tu, mwanangu."

Kachenje alifurahi mpaka akamshika mkono. Akaamuru watu wa mlimani waletwe kwa gari la Serikali. Ndiyo maana Bi Mashavu, aliyekataliwa kizuizini akiwa kwa miguu, alipita kizuizini akipigiwa saluti na koplo yule yule. "Naona kofia bado unayo," akamwambia dirishani.

*

Siku ya uzinduzi zulia jekundu lilitandikwa barabarani, viti vikapangwa ukingoni mwake kwa vyeo. Kiti cha Rais kilikuja chenyewe kwa lori, kikasimamiwa na kupigiwa wimbo. Kwa amri ya Wizara Sikudhani alivushwa kizingiti cha ua, akakalishwa mstari wa mbele, katika nguo nyeusi aliyoshonewa na Wizara, iliyomkaba kwapani. Hakutulia. Alikunjua mikono, akaikunja. Alijua mambo yakiharibika, Bi Mashavu hatalala kituoni usiku mmoja tu.

Waziri Makofi akapanda jukwaani. Alikuwa amenenepa tangu enzi za Bwana Wilaya, lakini kidole cha kunyooshea watu kilikuwa kile kile.

"Ndugu wananchi! Siwema hakufa! Siwema amehamia kwenye shaba! Na shaba haiugui, haizeeki, haina maswali! Mwanamke wa kweli ni yule anayesimama imara asisogee, na leo Serikali imemhakikishia hilo. Nasema na sirudii. Nasema na sirudii!"

Kitambaa kikaanguka. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja kiziwi akauliza kwa sauti huyo mwanamke ni nani, na kwa nini anamkanyaga mbuzi wa watu.

"Na sasa," akatangaza Kachenje, "ngoma ya asili, dakika saba."

Hakukuwa na ngoma. Kutoka nyuma ya umati alitokea mwanamke mfupi, mto umefungwa tumboni, kanga moja kifuani na nyingine kichwani, akitembea upande upande kama mtu anayepita kati ya mibuyu miwili iliyobanana, akilaumu njia nzima. Wanawake wa bondeni wakaguna kwa pamoja. Alikuwa Siwema.

Akasimama chini ya sanamu, akaitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Nani kaniwekea huyu mwembamba mlangoni kwangu?" akauliza. "Dada, karibu. Umekula lini mara ya mwisho?"

Umati ukaangua kicheko. Waziri naye akacheka, kwa sababu kilikuwa kicheko cha wananchi. Siwema akapanga mafiga matatu mbele ya sanamu, akateleka chungu, akainama kupuliza moto, na makalio yake yakakielekea kiti cha Rais. Kijana mrefu wa mlimani akaja akinguruma, nyungo mbili mikononi: katapila. Nyuma yake akaja mtu mdogo ndani ya kaptura kubwa, na filimbi.

"Mama, ondoka! Barabara inapita!"

"Ipite. Nikishaipua."

"Unapika nini?"

"Maharagwe."

"Yanaiva lini?"

"Yaulize yenyewe, mheshimiwa, yanakusikiliza." Na akamfunulia chungu.

Yule mdogo akaingiza kichwa chunguni akayauliza maharagwe yanaiva lini. Watu walilala chini kwa kucheka. Waziri alijipiga paja. "Mjinga gani huyu wa kaptura!" akamwambia Kachenje, machozi yakimtoka. Kachenje, aliyejua ni mjinga gani, alikuwa anavitazama viatu vyake.

Mtu wa kaptura akatoa kichwa chunguni, uso mweusi kwa masizi, akanyoosha kidole.

"Nasema na sirudii!" akapiga kelele. "Nasema na sirudii!"

Kicheko kikakatika. Watu wote walikuwa wanamtazama Waziri, na Waziri alikuwa anakitazama kidole chake mwenyewe, kilichokuwa bado hewani. Sasa alikumbuka alikosa usingizi kwa nini. Koplo akashika bunduki vizuri, akangoja aambiwe.

Lakini Bi Mashavu hakuwa na habari na Waziri. Hakuja kwa ajili yake. Aliyekuja kumtafuta alikuwa amekaa mstari wa mbele katika nguo nyeusi, uso umemkauka, hajacheka hata mara moja. Akaacha chungu. Akalivuka zulia, upande upande, akasimama mbele ya Sikudhani, mikono kiunoni.

"Na wewe, Sikudhani! Nasikia umewaambia watoto wa watu simba alikuwa na mkia mrefu. Ulimpima wewe?"

Ilikuwa sufuria inayoburutwa. Ilikuwa yenyewe, na kutu yake, na ule mkwaruzo wa mwishoni.

Sikudhani akafungua mdomo. "Dada, walinilazimisha ..."

"Walikulazimisha mkia? Simba nimuue mimi, mimi ninayefunga macho nikichinjiwa kuku? Haya, nimemuua. Nyama iko wapi? Nimekuachia wewe uipike, ukaisahau motoni, halafu utasema ni mimi niliyeunguza! Tangu tumezaliwa kila kinachoungua nyumba hii ni mimi!"

"Lakini ni wewe!" Sikudhani akafoka, amesahau watu wote. "Siku zote ni wewe! Unakaa unagomba tu, chungu kinawaka!"

"Basi nimekufa! Pika mwenyewe!"

Kicheko kilimtoka Sikudhani puani kwanza, kama mtu aliyepaliwa. Akajaribu kukizuia kwa kanga, kikapita pembeni. Kisha kikaja chote. Alicheka mpaka nguo ya Wizara ikachanika kwapani, akamshika Bi Mashavu mabegani, akacheka juu ya mto wa tumboni, na kucheka kule kukageuka kulia, kilio alichokosa siku zote hizo.

Wanawake wa bondeni wakapiga vigelegele. Mfiwa amecheka, tanga limeanuliwa, mikeka ikunjwe. Mikeka haikuwepo, lilikuwepo zulia. Wakalikunja zulia jekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na wageni rasmi, mmoja baada ya mwingine kwa kufuata vyeo, wakainua miguu.

Koplo alikuwa bado anamtazama Waziri. Waziri akautazama umati. Naye alikuwa mtoto wa bibi yake. Aliijua habari ya mbuzi. Akikasirika, mwenye kaptura ni yeye.

Kwa hiyo Mheshimiwa Makofi alicheka. Alicheka kwa meno ya mbele tu, kwa muda mrefu, huku jasho likimshuka shingoni. Katibu Mkuu akacheka kidogo kuliko yeye. Mkurugenzi akacheka kidogo kuliko Katibu. Kachenje, kwa daraja lake, alitabasamu. Wakacheka hivyo hivyo mpaka kwenye magari, wakafunga vioo, wakaondoka, na magari yote yakapinda.

*

Kesho yake redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Rais ameamka salama. Mchezo wa simba haukuwepo. Kamati ilikutana, ikagundua kosa lake: ilikuwa imechagua mwanamke mwenye mdogo wake, majirani na watani. Ikaamuliwa kwamba mashujaa wote wa siku zijazo wawe hawana ndugu. Njia ya hakika ya kupata mtu wa namna hiyo ilikuwa kumtunga, na wajumbe wakamtunga kabla ya chakula cha mchana. Anaitwa Malkia wa Nidhamu. Alikuwa na mabawa. Sanamu ya barabarani ilihamishiwa Ukumbini, ikapachikwa mabawa, na mke wa balozi alipopelekwa kuiona alisema inapendeza, hakuuliza kitu.

Mheshimiwa Makofi amepewa Wizara ya Bahari. Kachenje alirudi bondeni siku moja, bila suti, akataka kuonyeshwa jinsi ya kuteleka maharagwe. Hakusema kwa nini.

Sikudhani aliivua nguo ya Wizara, akaoga, akaenda shambani kuokoa mpunga uliobaki. Watoto walipomuuliza tena habari za simba aliwaambia hakukuwa na simba. Wakasikitika. Akawasimulia habari za chungu, wakacheka, wakataka arudie pale mheshimiwa anapokula.

Mvua za mwaka huu zimeanza mapema. Udongo wa kaburi la Siwema unatitia, na kila Ijumaa Sikudhani huenda na karai kuujazia.